Punje ya Peke Yake

Magunia yalishuka Mtwara usiku wa Alhamisi,
vumbi la Mbinga bado limelala kwenye mishono.
Moja likapasuka ghalani, mlango wa pili,
na Kinunda, karani wa shehena, akatuita sisi wa korosho:
“Njooni mwokote. Punje kwa punje. Hii si ya kufagia.”

Tukapiga magoti, mimi na Somoe Nampoto na wengine wanne.
Vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda,
vilivyozoea kitu kilichopinda kama figo,
sasa vinashika kitu cha kijanikijivu, cha baridi,
chenye tumbo bapa na ufa katikati
kama mdomo wa mtu aliyekataa kusema.

Nikapata moja haina ubapa.
Nene, duara, kama shanga.
Nikadhani mbovu, nikaitupa kwenye takataka.
Kinunda akaifuata kwa magoti, na suruali yake ya pasi.

“Hiyo ndiyo yenye bei.
Tunda la kahawa hubeba mbili,
zimeegemeana tumbo kwa tumbo, ndiyo maana zina ubapa.
Mara chache moja hufa ingali changa.
Inayobaki hula nafasi yote.
Wanunuzi huzitenga hizi. Wanasema ni tamu zaidi.”

Somoe akanitazama, kisha akatazama mizani.
Yeye anajua.
Naitwa Doto tangu Nanguruwe,
na hakuna aliyewahi kuuliza Kurwa yuko wapi
mbele ya mama.

Tamu zaidi.
Miaka thelathini na minane nimekula nafasi yote:
mkeka, titi la pili, gauni la Idi lililoshonwa moja,
wala sikujua kama kuna mtu angelipia.

Jioni mlinzi hupekua kanga, ndala, kibindo.
Mdomo hapekui.
Nikamuaga kwa kichwa tu, punje iko chini ya ulimi.
Mbichi haina ladha ya kahawa.
Ina ladha ya nyasi, ya maharage yaliyosahauliwa chunguni.

Nilitaka kuipanda. Imekobolewa, haitaota,
na mchanga wetu unajua mnazi na mkorosho.
Nilitaka kuikaanga. Punje moja hainyweshi hata sisimizi.

Jumapili mama akaja, na kikapu cha mihogo.
Nikaiweka kiganjani mwake, sikusema kitu.
Akaigeuza. Akaigeuza tena, kidole gumba kikitafuta ubapa.

“Mwenzake yuko wapi?” akauliza.