Maji ya Fedha, Barabara ya Nane

Duka langu la dawa liko Ngamiani, Barabara ya Nane,
kati ya mshona viatu na mama wa vitumbua.
Baba alikuwa sonara papa hapa. Meza yake ndiyo kaunta yangu;
ukiinama utaona alipounguza mbao.

Mwaka huu wananijia na swali moja lenye miguu mingi.
Kuna kijana wa pikipiki, ana begi la chupa za buluu,
elfu thelathini na tano, ukichukua mbili anakupunguzia.
Maji ya fedha, anasema. Vidonda vya tumbo, sukari, mafua,
jicho jekundu, jicho la watu.

Bi Mwantumu: *Mwili si unataka madini?*
Chuma unataka. Chumvi yenye madini joto, unataka.
Fedha, hakuna kiungo kinachoiita kwa jina.
Ikiingia hukaa, kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.

Mwalimu Singano: *Lakini inaua vijidudu, nimesoma.*
Ndani ya glasi inaua, mwalimu. Sabuni ya mche nayo inaua,
na sijakuona ukiinywa.
Bombo wanaipaka penye ngozi iliyoungua,
juu ya ngozi, siku za kuhesabu, daktari akiwepo.

*Niinywe na kidonge changu cha tezi?*
Kidonge kitashikwa njiani kisifike. Na antibayotiki vivyo hivyo.

*Ni ya asili, lakini.*
Upupu pia.

*Na mtoto wa miezi minane?*
Hapo nilimnyang'anya yule mama chupa. Kisha nikamrudishia, si yangu.
Nikamtazama tu, mpaka akaizika chini kabisa ya mkoba.

Shemdoe alikuja saa saba mchana, mikono mirefu, kofia hadi nyusi.
Fundi baiskeli wa Makorora. Miaka miwili:
kijiko asubuhi, kijiko usiku.
Zilianza fizi. Zikafuata kucha.
Kisha mkewe akamwuliza kama anasikia baridi.

Swali lake lilikuwa dogo: *Mbona chupa yake ni ya kioo cha giza?*

Kwa sababu fedha ikipigwa na mwanga hugeuka, Shemdoe.
Aliyeitengeneza anajua, ndiyo maana kaifungia.
Wewe umeinywa, ukatoka, ukaketi juani na spoku zako kutwa nzima.
Chupa ina kioo cha giza. Ngozi yako haina.

Nikavuta mtoto wa meza, nikatoa bangili ya baba,
haijasuguliwa tangu tulipomzika.
Nikaiweka kando ya mkono wake.
Feni ilizunguka.
Rangi ilikuwa moja.

Baba angechukua majivu, ndimu, kipande cha kaniki,
na kabla chai haijapoa ungeona uso wako ndani yake.
"Basi nisugue," akasema Shemdoe, akacheka,
na fizi zikaonekana.

Nilimwambia aache leo, ajikinge na jua, aende Bombo wamwone.
Kwamba haitazidi, nilisema. Kwamba itatoka, sikusema.

Alipoondoka niliandika mgongoni mwa risiti:

Fedha sawa mkononi, bangili ya kuvalia,
Fedha sawa sandukuni, dhiki ikiingilia,
Fedha si ya mdomoni, tumbo halijalilia,
Imelala maungoni, ndimu haitaitoa.

Vina vimekaa. Shemdoe havimsaidii kitu.
Chupa yake aliiacha, nusu imebaki.
Nimeimimina kwenye glasi nyeupe, nimeiweka dirishani.
Anayeuliza, namwonyesha kwa kidole, naendelea kuhesabu vidonge.

Jana akaingia kijana wa pikipiki mwenyewe, anakohoa,
kifua kinagonga kama debe.
Akataka dawa.
"Na maji yako?" nikamwuliza.
Akageuka kuitazama pikipiki yake,
kana kwamba kuna mtu anaiiba.