Baki Sifuri

Gyumri, Januari, saa kumi alfajiri.
Tanuru limeshashika moto, theluji imeziba nusu ya dirisha,
na Arpine, badala ya kulala,
kaja kunisumbua kwenye meza ya unga.
Mtihani saa tatu.
"Mama, kuna herufi imekalia kiti cha namba."

Mimi shule niliiachia darasa la nane.
Iandike, namwambia. Anaandika kwa kidole ungani:
moja, k, hasi tano, sita.
Mbili anaiweka pembeni, nje ya mstari,
kama jirani aliyekuja kuazima chumvi akakataa kuingia.

Shusha moja.
Zidisha kwa mbili, ipandishe chini ya k, jumlisha:
k na mbili.
Haijulikani, lakini inabebeka.
Zidisha tena: k mbili na nne. Ondoa tano.
k mbili kasoro moja.
Zidisha—

Nabandika mkate ukutani mwa tanuru, nabandua mwingine.
Nikigeuka amefika mwisho wa mstari, amenyamaza:
k nne, jumlisha nne.
"Sasa?"
"Sasa sijui."
"Swali linasemaje?"
"Linasema inagawanyika, haibaki kitu."

Haibaki kitu.
Hilo nalijua mimi, si kwa vitabu.
Vergine, mwenye tanuri hili, hana mizani;
hutazama beseni likiisha. Donge likibaki,
anajua maji yalizidi kwa kikombe kipi, saa ngapi.
Husoma kutoka mwisho.
"Basi lazimisha hicho cha mwisho kiwe sifuri,
kisha ukiulize k ni nani."

Akacheka. "Hasi moja! Usiku kucha kwa hasi moja!"
Akaifuta k kwa kiganja, akaanza upya, haraka:
moja, moja, hasi tatu, sifuri.
Sifuri akaizungushia duara, duara juu ya duara,
mpaka ubao ukaonekana.

Baba yake yuko Surgut, kwenye mabomba ya gesi.
Tarehe ya kurudi naye ni herufi.
Nimeijaribu hiyo nikiwa peke yangu, usiku mwingi,
lakini hakuna aliyenipa namba ya kuweka pembeni,
wala aliyeniahidi baki.

Natandaza donge jipya juu ya hesabu yake.
"Mama! Sijanakili!"
"Unaijua."
Anavaa koti. Mkono wa kushoto una unga hadi kiwikoni,
na simwambii.