Magari Mawili kwa Mushagalusa

Kwa Mushagalusa, pale Nguba, nilikuta mawili:
jeupe, pikapu, mgongo umebonyea
kama ng'ombe aliyezaa mara sita,
na jekundu, fupi, limeinama
kama mtoto anayengoja filimbi ya mbio.
"Yote yanavuta kwa magurudumu manne," akasema,
"hata udongo wa Panzi baada ya mvua."

Nikaketi katika jekundu.
Kiti kikanishika mbavu.
Miaka tisa nauza maharagwe Kadutu,
hakuna kitu kilichowahi kunishika hivyo
bila kwanza kuniuliza bei.

Dada yangu Nabintu alisimama nje,
kimya, akihesabu kwa vidole:
magunia kumi na mawili kutoka Walungu,
mbao za paa la Mama,
godoro, siku litakapohitajika.
Naijua siku aliyoifikiria.
Baba tulimteremsha kwa tipoyi,
wanaume wanne, usiku, matope magotini,
naye njia nzima akiomba radhi
kwa uzito wake.

Nikashuka.
Nikalipia jeupe, noti moja moja,
Mushagalusa akilamba kidole.

Lakini nikuambie, na Nabintu asisikie:
kila Jumanne alfajiri, kabla ya magunia,
nalishusha tupu mpaka daraja la Ruzizi,
madirisha wazi,
mgongo ukilia kama sufuria zilizoanguka,
gia ya nne penye kona ya tatu.
Robo saa tu.
Robo saa hiyo, asikudanganye mtu
kwamba gari lile ni jeupe.