Alhamisi, Bugarika

Ngazi ya kwanza si ngazi, ni jiwe tu
lililokubali kukanyagwa.
Ya pili mtu kaimwagia saruji,
akaandika kwa kijiti jina lake: KULWA.
Baada ya hapo hesabu yangu hupotea,
maana kuna mbuzi, kuna maji ya kufulia yanashuka,
kuna mtoto wa mama Ng'washi anayeniuliza kila wiki,
"Unaenda kwa bibi asiyeona?"
Naenda.

Miaka tisa, Bwana, Alhamisi saa kumi,
Biblia imefungwa kwa kipande cha kanga,
sato mmoja akipatikana, akikosekana dagaa,
na sabuni nusu mche.
Hukuniita kwa sauti. Nilikuwa nasonga ugali,
nikakumbuka Bibi Minza hajashuka kanisani tangu Kwaresima,
na kumbukumbu ile ikakaa jikoni
kama mgeni asiyeaga.
Ni hilo tu. Sina ndoto ya kusimulia.

Mwaka huu wamenichagua mhazini.
Nina mhuri. Nina kiti cha mbele chenye kitambaa.
Jumanne kamati ya bati,
Jumatano kamati ya kuisaidia kamati,
na Alhamisi, Alhamisi ileile, saa kumi ileile,
semina kwenye hoteli ya ufukweni:
chai, sambusa mbili mbili, posho ndani ya bahasha.
Mada: Utumishi.

Nilikwenda. Sitakuficha wewe.
Nilikwenda wiki tatu mfululizo,
nikaandika kwenye daftari jipya maneno mazuri
kuhusu kondoo mmoja aliyeachwa nyuma.
Dirishani ziwa lilikuwa limetandwa na gugumaji,
kijani kibichi, ungedhani shamba la mtu hodari,
kumbe hakuna aliyepanda
na mtumbwi haupiti.

Lina ua, Bwana. Ua la zambarau.
Sikuwa najua kwamba kinachoziba njia
chaweza kuchanua.

Wiki ya nne nikapanda.
Mvua ilikuwa imetoka kunyesha,
mawe yanateleza kama mgongo wa kambare.
Katikati nikageuka kuutazama mji:
feri ya Kamanga inang'oa nanga, mabati yanameta,
na lile paa letu jipya, nusu tu, lakini jipya.
Nikaanza kujisifu moyoni kwa ajili ya paa.
Nikateleza.
Goti likachubuka, kandambili ya kushoto
ikaingia kwenye ufa wa majabali, haikurudi.
Masalu muuza maji, ndoo kichwani, ndoo mkononi,
akanipita bila kusimama:
"Mama, huku hatutazami ziwa tukipanda.
Ziwa utalikuta juu."

Nikamalizia na mguu mmoja mtupu.
Bibi Minza alikuwa palepale mlangoni,
kando yake kigoda cha pili, kimepanguswa.
Hakuniuliza nilikuwa wapi.
Alisema, "Tuliishia pale Eliya kalala chini ya mti,
amechoka, anataka kufa."
Karibu mwezi mzima
alimwacha nabii wa watu amelala,
kwa sababu msomaji wake yuko semina.

Nikafungua. Kurasa zilikuwa na unyevunyevu.
Nikamsomea malaika, nikamsomea mkate,
nikamsomea ile safari ndefu iliyobaki.
Akawa anatikisa kichwa kama anayehesabu.
Nyuma yangu ziwa lote lilikuwa limetulia, pana,
hakuna aliyeliita,
nami sikugeuka hadi mwisho wa sura.

Mhuri nimemrudishia Nestory Lugembe.
Amenuna. Labda ana haki, bati halijatosha
na masika yanakuja.
Sijui, Bwana, kama nimechagua vema;
najua tu kigoda kile hupanguswa na mtu asiyeona,
kwa kiganja, pande zote,
kabla sijafika.

Goti linauma nikishuka.
Kupanda, si sana.
Na kandambili bado ipo kule kwenye ufa,
naiona kila Alhamisi,
siinami.