Kuchungulia

Malkia wa kwanza nilimkuta kwenye kisosi cha chai,
usiku wa mvua ya kwanza ya vuli.
Watoto wa Mabatini walikuwa nje na mabeseni,
wakiokota kumbikumbi chini ya taa ya kibaraza,
na huyu mmoja, mweusi, si kumbikumbi,
alikuwa akijikwanyua mabawa
kama bibi harusi avuaye shela
akijua hatatoka tena.

Limi wa zahanati akanipa mrija wa kioo uliomeguka mdomo.
Maji, pamba, malkia, pamba tena.
Nikamvika soksi ya marehemu mume wangu apate giza,
nikamlaza nyuma ya cherehani.
Sharti lilikuwa moja: usichungulie.
Mwezi mzima hali kitu.
Anayeyusha nyama ya mabawa aliyoyatupa
awalishe wana asiowajua bado.

Nilichungulia siku ya tatu.
Nikachungulia ya nne.
Ya tisa, alikuwa ameyala mayai yake yote,
ameinamisha kichwa.
Nami pia.

Sasa nina koo nne, na adabu.

Wa kwanza wanaishi katika chungu cha udongo cha mama,
chungu ndani ya chungu,
kimefunikwa kioo cha saa ya ukutani iliyokufa.
Wa pili ni majimoto, juu ya mlimao uliopandwa kwenye ndoo,
na ndoo imesimama ndani ya beseni la maji.
Hao wanashona.
Wanabana kichanga mdomoni kama ninavyobana pini,
kichanga kinatoa uzi, jani linakubali jani.
Miaka ishirini na sita nashona sare za shule
na sijawahi kupata pindo kama lile.
Wa tatu sisimizi, wezi wa sukari, sina la kusema.
Wa nne, sungusungu.
Bugumba, mtoto wa jirani, aliwachimbua kule juu kwenye mawe.
Wananuka, wanalia ukiwagusa, hawali ila mchwa.
Usiku mmoja walitoka
(poda ya ukingoni ilikuwa imelowa),
wakapita chini ya mlango kwa safu, kimya, hadi kwa Nkwabi,
ambaye enzi zake alikuwa sungusungu wa kweli,
na upinde, na filimbi shingoni.
Tulimkuta juu ya meza.
Filimbi hakuiona.

Ziwa likifukiza vidudu vyake,
lile wingu linalotembea juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi,
wenzangu hufunga madirisha.
Mimi hufungua.
Asubuhi nafagia ukuta, najaza bakuli:
ni sikukuu ya koo tatu, na sungusungu wananuna.

Agosti, malkia wa chungu alikufa.
Sikuona kwa macho, niliona kwenye daftari:
mayai, sifuri. Mayai, sifuri.
Wao walikuwa bado wanamlamba.
Wakimhamisha upande wa unyevu, wakimrudisha pakavu,
wakimpanga miguu.
Kabula wangu akapiga simu kutoka Dodoma:
"Mama, si uwamwage tu?"
Nikamwambia nitawamwaga.
Nilikuwa nimeshika soksi ile, mbichi, naianika.
Huwa naifua kila Jumamosi.

Mia mbili na kitu.
Tisini.
Arobaini na mmoja.
Nawawekea tone la asali kwenye ncha ya kijiti
na bado wa mwisho watatu wanagawana,
mmoja anakunywa, anageuka, anampa mwenzake mdomoni,
kana kwamba nyumba imejaa.

Leo mawingu yameegemea Bugando tangu saa tisa.
Bugumba amekuja na mrija mpya, haujameguka.
Nimejaza maji, nimelowesha pamba, nimewasha taa mapema.
Saa mbili mvua. Saa mbili na nusu, kwenye kisosi,
mmoja, mweusi, anajikwanyua.

Soksi imeshamfunika.
"Mama Kabula, nichungulie kidogo?"
Nikamwambia angoje mwezi mmoja.
Akakaa. Nikakaa.
Maji yakipiga bati.

Kisha tukachungulia.