Volti Tisa

Taa ya njano iliwaka tangu Gairo,
ndogo, kama punje ya uwele,
ikakataa kuzimika.
Kiula akaipiga dashibodi kwa kiganja, mara mbili,
akaimba, akanyamaza,
na tulipofika Kizota akakata kushoto bila kuniambia kitu.

Mimi ni utingo wake. Nilijua.

Fundi Yudita Chidawali hakuja na nyundo.
Alikuja na mita ndani ya mfuko wa kitenge
na kipande cha turubai cha kulalia.
"Inawaka mkisimama, au mkitembea?"
"Muda wote."
"Tela mmeliosha lini?"
Kiula akakuna shingo.
Fundi akacheka kwa pua, akazama chini.

Mwezi wa tisa upepo wa Dodoma hauna adabu,
unakutia mchanga mdomoni katikati ya salamu.
Miguu yake tu ndiyo ilionekana,
viatu vya kiume, soksi moja imetoboka,
na sauti kutoka kati ya ekseli:
"Sensa ya kulia, omu elfu moja na mia mbili. Nzima.
Zungusha tairi. Taratibu, hiyo si mashine ya kusaga.
Ya kushoto nayo nzima.
Basi kidonda hakipo panapouma."

Kiula akatazama saa, akatazama magharibi.
Tani ishirini na nane za saruji,
na Sekenke bado iko mbele, mteremko usiomjua mtu.
"Mama, si utoe tu balbu?
Bosi anasema taa isiyowaka haina kesi."
Akachomoza kichwa, nyusi nyeupe kwa vumbi.
"Nikikuziba masikio, mtoto ataacha kulia?"

Akafungua soketi. Akachomeka mita.
Ishirini na nne.
"Si unaona! Umeme upo!"
"Upo ukiwa umekaa. Ngoja tuupe kazi."
Akaunga balbu ya taa kubwa, chanya kwa hasi,
balbu ikafumbua jicho jekundu, la mgonjwa wa trakoma,
na namba zikaanza kushuka:
ishirini,
kumi na nne,
tisa.
Zikakaa hapo.

"Ndivyo walivyo," akasema,
sijui kuhusu nyaya au kuhusu nani.
"Bila mzigo, kila mtu ni ishirini na nne."

Nikameza mate, mate yakagoma.

Masika yaliyopita, Dumila, usiku, mvua.
Waya wa hasi umesuguana na chasisi hadi umekatika.
Niliusokota kwa vidole, nikauviringishia nailoni,
nikamwamsha Kiula: tayari, suka, nimekagua kote.
Akanipa elfu mbili ya chai.

Sasa mkono wa fundi unapita kwenye waya
kama unatafuta chawa kichwani mwa mtoto.
Ukasimama nyuma ya tangi la upepo.
Nailoni ikavuliwa, ikadondosha unga wa kijani.
Nyuzi mbili tu za shaba zilibaki
kubeba akili yote ya breki.

Hakuutazama waya. Alitazama fundo.
Halafu akainua macho kwenye kamba za turubai la mzigo,
fundo moja baada ya jingine,
lile lile la baba yangu la kufungia mbuzi kule Chikuyu.
Halafu akanitazama mimi.

"Ni nini?" Kiula akauliza.
"Kutu," akasema.
Nao haukuwa uongo.
Akanipa kisu.
"Vua. Endelea mpaka uone shaba nyekundu."

Tuliondoka jua likiwa limeegama.
Taa iliwaka tulipowasha, kama inavyotakiwa,
magurudumu yakaanza kuhesabiwa,
ikazimika yenyewe.
Bahi ikapita. Kintinku ikapita.
Kiula anaimba tena, vibaya, kwa raha.
Nafungua mdomo, naufunga.
Najipima: tisa.
Karibu na Manyoni, labda kumi na moja.

Suka,
kabla ya Sekenke,
nina neno.