Asali Iliyopanda Pikipiki

Kaka Misigalo, umeniuliza kwenye simu
tuuze ipi, ya baba au ya kwako,
nami nimeshika spana namba kumi na nne
hapa Isevya, mikono yote grisi.
Jibu nimekuwa nalo tangu Jumapili. Litakuwa refu.

Ya baba ni ya mipigo miwili.
Pistoni ikipanda inabana, ikishuka imeshawaka.
Kila mzunguko, moto.
Haina valvu, haina adabu ya kungoja zamu,
inavuta pumzi na kukohoa kwa pamoja
kama mtu anayecheka na uji mdomoni.
Oili yake huichanganya na petroli:
baba alipima kwa kifuniko cha soda,
vinne kwa lita, cha tano kama kuna mzigo.
Inachoma kilekile kinachoilainisha,
kama kaya inayokula mbegu
ikisema masika tutajua.

Na ule moshi wa buluu.
Mwaka ule miyombo ilipochanua mpaka msitu ukanuka utamu
alifunga madumu mawili nyuma ya kiti
kutoka Ipole mpaka mjini.
Mnunuzi akachovya kidole, akalamba,
akatazama dari kwa muda,
akasema, "Asali hii imepanda pikipiki."
Baba hakujibu. Alifunga madumu yake upya,
na tulipofika kona ya stesheni ndipo akaanza kucheka,
akacheka mpaka akasimamisha pikipiki, akashuka.
Dumu moja tulilimaliza wenyewe.
Miezi saba, chai yetu ilikuwa na ekzosi.

Ya kwako ni ya mipigo minne.
Kunyonya. Kubana. Kuwaka. Kutoa.
Mizunguko miwili ndipo moto mmoja.
Inanguruma chini kwa chini, inakula kidogo,
Sikonge kwenda na kurudi lita nne na chenji inabaki.
Mteremkoni ukiachia mafuta inakushika shati;
ya baba inakuachia uende na mambo yako.
Lakini nzito, kaka. Nzito kama mgeni aliyeshiba.

Jumapili nilizitoa zote mbili.
Kashindye akapanda ya kwako, mimi ya baba.
Hatukuwa na safari. Pale Kipalapala
mama mmoja akaacha kupepeta, akauliza:
"Nani amefariki?"
Hakuna, mama. Tunaendesha tu.
Akatutazama kama watu wanaomwaga maji kwa makusudi.

Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata,
ya kwako ilizama mpaka ekseli.
Ya baba, wewe unaijua: chini haina kitu, haina kitu,
halafu pale katikati inaamka ghafla
na mikono yako inabaki nyuma.
Nilivuka nikipiga kelele. Mimi, mama wa watoto watatu.
Mita mia mbili mbele, upande wa pili,
ikazima. Plagi imelowa oili, nyeusi tii.

Nilikaa juu ya kichuguu nikiisugua kwa mchanga.
Nyuma yangu nilimsikia Kashindye akitukana tope,
akisukuma, akitukana,
kisha tu-tu-tu-tu, taratibu, bila haraka yoyote,
ya kwako ikatokea imejaa matope mpaka taa,
ikasimama kando yangu
ikaunguruma palepale, ikinisubiri.
Sikupenda jinsi ilivyonisubiri.

Basi uza ya kwako.
Itapata bei, na ada ya Nyamizi haingoji.
Ya baba nimeiuliza sokoni: elfu sitini,
chuma chakavu, kwa kilo.
Sikumjibu yule mtu. Nilifunga boneti ya mdomo wangu nikaondoka.

Ukija Desemba usinunue asali njiani.
Lile dumu la pili bado lipo, chini ya kitanda changu,
limeganda, limekuwa jeupe kama samli.
Nitakuchotea kijiko.
Onja kwanza, usiseme kitu,
halafu niambie unasikia nini.